Majina 5,154

Mwezi wa Mei 2015, jarida la fizikia liitwalo Physical Review Letters lilichapisha makala ya kurasa 33. Kurasa tisa za kwanza ndizo makala yenyewe pamoja na marejeleo. Kurasa 24 zilizobaki ni orodha ya walioiandika na taasisi wanakotoka. Ukiwahesabu wote unapata watu 5,154. Hao ndio waliopima kwa pamoja uzito wa chembe iitwayo Higgs, kule CERN, kwenye mpaka wa Uswisi na Ufaransa.

Mara ya kwanza kuiona nilicheka. Watu elfu tano wanaandikaje kitu kimoja? Ploti yetu ina nyumba ishirini na hatujawahi kukubaliana nani atanunua tokeni ya stima ya korido. Lakini nilipoendelea kuteremsha ile orodha kwenye simu, kidole kikaanza kuchoka, na kicheko kikaisha chenyewe. Mle ndani kuna maprofesa wakubwa, kuna mainjinia, kuna wanafunzi wa uzamifu ambao pengine walikesha usiku wakilinda mashine. Wote wameandikwa. Hakuna aliyeambiwa nafasi imejaa.

Nataka tukae hapo kwenye nafasi kidogo, kwa sababu ndiyo sababu iliyotumika kwa miaka mingi.

Jarida la kwanza la kisayansi kwa Kiingereza, Philosophical Transactions, lilianza London mwaka 1665. Tangu hapo, kwa zaidi ya miaka mia tatu, elimu ilisafiri juu ya karatasi, na karatasi ina gharama. Kuna wino, kuna mashine, kuna meli ya kubeba furushi hadi Mombasa na gari la kulifikisha maktaba Nairobi. Kila ukurasa ulilipiwa. Ukiwa na majina kumi, la kwanza linaandikwa na mengine yanamezwa na maneno mawili: "na wenzake". Anayetaka kusoma naye anangoja nakala iliyo rafuni. Uhaba ulikuwa wa kweli, na watu wanaweza kusamehewa mambo mengi yaliyofanywa kwa sababu ya uhaba wa kweli.

Halafu intaneti ikaja, na watu husahau kwamba wavuti ilitengenezewa wasomi kwanza, kabla ya sisi wa memu. Tim Berners-Lee aliipendekeza mwaka 1989 akiwa hapo hapo CERN, ili wanasayansi waliotawanyika nchi mbalimbali waweze kuonana na kazi za wenzao. Mwaka 1991 mwanafizikia Paul Ginsparg akaanzisha hazina ambayo leo tunaiita arXiv, mahali pa kuweka makala wazi kabla hata jarida halijazikubali. Mpaka leo inafanya kazi, na mtu yeyote mwenye bando anaweza kuingia.

Kwa hiyo umbali uliuawa mapema. Mimi hushuhudia maiti yake kila wiki. Kazi yangu ya sasa, moja kati ya kazi zangu, ni kuwapangia walimu wa vyuo marejeleo na kunyoosha lugha ya makala kabla hazijatumwa kwa jarida. Hunifungulia hati kwenye Google Docs nami naingia kwa mlango wa jikoni. Mle nakuta vishale vya rangi vikitembea: mmoja yuko Eldoret, mwingine Kampala, mwingine Leeds. Mmoja anafuta sentensi, mwenzake anairudisha. Saa tano usiku mtu anaandika pembeni, "Prof, hii jedwali ya pili umeiangalia?" na Prof anajibu baada ya dakika mbili. Babu zao wa kitaaluma wangengoja barua ya ndege wiki tatu kupata jibu hilo.

Ni kitu kizuri kutazama, sitaki kujifanya sikipendi. Swali langu ni hili: ikiwa umbali umekufa na karatasi imekufa, mbona mlango bado umefungwa?

Mlango wenyewe niliujua hivi. Karo iliponishinda mwaka wa tatu, nilijua nitapoteza kitanda cha hosteli na kitambulisho cha getini. Kwa hayo nilijiandaa. Jambo ambalo sikulifikiria ni paswadi ya maktaba. Vyuo vyetu hununua majarida ya nje kwa kuungana, kupitia muungano wa maktaba uitwao KLISC, na ukiwa mwanafunzi unaingia tu, huoni bei. Unadhani elimu ni kama hewa. Kisha siku moja unabonyeza makala uliyoisoma jana, na skrini inakuomba dola 39.95. Hiyo ni zaidi ya shilingi elfu tano kwa PDF moja, ya kurasa kumi na mbili, ambayo pengine ukishaifungua utakuta haikuhusu.

Basi nikaanza kuuliza hizo dola huenda wapi, nikidhani zinamwendea mwandishi. Wapi! Profesa anayeandika halipwi na jarida. Maprofesa wengine wanaoikagua makala yake kabla haijachapishwa, wale wahakiki, mara nyingi nao hawalipwi. Utafiti wenyewe mara nyingi umelipiwa na serikali au wafadhili. Kazi ikishakamilika bure, mchapishaji anaipokea, anaipanga, kisha anakiuzia chuo kile kile kilichomlipa profesa mshahara. Robert Maxwell, mfanyabiashara wa Uingereza, alijenga utajiri mkubwa juu ya mtindo huu kupitia kampuni yake ya Pergamon Press, ambayo iliuzwa kwa Elsevier mwaka 1991. Na usidhani ni kilio cha maskini peke yetu. Mwaka 2012 Harvard, chuo tajiri kuliko vyote, kilitangaza kwamba majarida yanakigharimu karibu dola milioni 3.75 kwa mwaka na kwamba hali hiyo haiwezi kuendelea. Chuo Kikuu cha California kilivunja mkataba na Elsevier mwaka 2019 kikakaa nje miaka miwili, hadi makubaliano mapya ya 2021.

Wengine hawakungoja mazungumzo. Alexandra Elbakyan, msichana wa Kazakhstan aliyechoka kukuta malipo kila anapotaka kusoma, alianzisha Sci-Hub mwaka 2011 na kuweka mamilioni ya makala wazi bila ruhusa. Mahakama ya Marekani ikaamua mwaka 2017 kwamba Elsevier ilipwe dola milioni 15. Kisheria amevunja haki za watu, hilo halina ubishi. Lakini uliza kikundi chochote cha WhatsApp cha wanafunzi wa uzamili hapa Nairobi jina la tovuti hiyo, halafu uone kama kuna atakayeuliza maana yake.

Hadi hapo nilidhani tatizo ni la wasomaji. Rafiki yangu ndiye aliyenionyesha upande wa pili.

Tulikuwa darasa moja, yeye alimaliza. Baada ya kuhitimu alipata kazi ya miezi minne ya kukusanya data katika mitaa miwili ya mashariki mwa Nairobi, utafiti kuhusu maji na kazi za wanawake. Walipewa tableti. Asubuhi wanatembea nyumba kwa nyumba, jioni wanapandisha majibu mtandaoni, na kabla hujalala, mtu aliye Ulaya ameshayaona na ameshatuma ujumbe kwamba nyumba ya kumi na moja swali la sita halijajazwa. Haraka hiyo yote ilitegemea miguu yake. Ilitegemea pia lugha yake, kwa sababu dodoso lilikuja kwa Kiingereza na akina mama hawakuongea Kiingereza. Maswali mengine hayakutafsirika. Kulikuwa na moja lililouliza kuhusu "kufanya maamuzi nyumbani", na kila mama aliyeulizwa alicheka. Yeye ndiye aliyependekeza lipasuliwe mara tatu: nani hushika pesa, nani huamua zitumike wapi, na nani hulaumiwa zikiisha. Pendekezo likakubaliwa. Majibu ya swali hilo la tatu ndiyo yaliyokuja kuwa moyo wa makala.

Makala ilitoka mwaka na nusu baadaye. Alijua kwa bahati, mtu alimtumia linki. Akabonyeza, akaombwa pesa. Akanipigia simu: "Wewe si ndiwe mtu wa mambo ya majarida, hebu nitafutie."

Nilimwandikia barua pepe mwandishi mkuu, ambaye anwani yake huwekwa hadharani. Sikudanganya, nilisema mimi si wa chuo chochote na nina rafiki aliyefanya kazi katika utafiti huo. PDF ikafika kabla ya saa moja, na salamu nzuri juu yake. Wacha niseme hili wazi, kwa sababu wengi hawalijui: waandishi wengi watakutumia makala yao ukiwaomba kwa heshima. Hawapati hata senti kwa ile dola 39.95. Wao pia wanataka kusomwa.

Tuliisoma pamoja kwenye laptopu yangu. Waandishi sita. Wanne wa huko, wawili wa hapa. Jina lake halikuwemo. Tukashuka mpaka mwisho, kwenye shukrani, na huko kulikuwa na mstari unaowashukuru "wakusanyaji data wetu kwa bidii yao". Ukurasa wa saba kulikuwa na mama mmoja muuza mboga anayemkumbuka vizuri. Kwake alisema, "Naamka saa tisa usiku niwahi soko, nikirudi mtoto ashaenda shule, jioni nikija amelala. Huyo mtoto ananijua kwa sauti tu." Kwenye makala, kwa Kiingereza, alikuwa mhojiwa nambari 17 mwenye uhaba wa muda.

Rafiki yangu hakulia wala hakutukana mtu. Alisema tu, "Kwani nafasi ya jina moja ingewagharimu nini?"

Hapo ndipo nilipozikumbuka zile kurasa 24. Jibu la swali lake ni: hakuna. Kwenye makala ya mtandaoni, jina la saba halina gharama ya wino. Halina gharama ya karatasi. Wale wa Higgs walithibitisha kwamba hata jina la elfu tano halina.

Najua jibu la kitaaluma, maana nimelipanga mara nyingi kwenye hati za watu. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ambayo majarida mengi hufuata kanuni zake, inataka mwandishi atimize masharti manne: achangie kwa uzito katika wazo, data au uchambuzi, ashiriki kuandika au kuhakiki, aidhinishe nakala ya mwisho, na akubali kuwajibika. Kwa hiyo kutembea na tableti peke yake hakukufanyi mwandishi. Sawa, nakubali. Lakini kanuni hizo hizo zinasema kwamba aliyetimiza sharti la kwanza apewe nafasi ya kushiriki katika hayo mengine. Zimewekwa ili kuzuia wasiofanya kazi kubandika majina yao, zisigeuzwe njia ya kuwaondoa waliofanya. Huwezi kukosa kumwita mtu mezani, kisha ukasema hakula. Na hata anayebaki nje ya uandishi anaweza kutajwa kwa jina na kazi aliyoifanya. Upo utaratibu wa kimataifa uitwao CRediT unaogawa michango ya utafiti katika aina 14, na kukusanya data ni kazi inayotambuliwa humo.

Nairobi tuna kumbukumbu ya zamani ya jambo hili. Pale Pumwani, Majengo, kuanzia miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na cha Manitoba, Kanada, walifuatilia wanawake waliouza ngono na wakagundua kwamba baadhi yao hawakuambukizwa virusi vya Ukimwi ingawa walikutana navyo kila mara. Damu ya wanawake hao ikawa habari ya dunia. Oxford ikaingia, chanjo ikaanza kubuniwa kutokana na walichojifunza huko, na mwaka 2000 ikajulikana kwamba ombi la hataza limewasilishwa bila wenzao wa Nairobi kuwemo. Kelele zikapigwa hapa nchini, na ikabidi makubaliano mapya yafanywe. Upande wa Nairobi ukiongozwa na Profesa Job Bwayo ulipigania nafasi yake, na mwaka uliofuata majaribio ya chanjo yakaanza jijini. Kila nikisoma kisa hicho huwa najiuliza swali lililo chini zaidi ya hilo. Maprofesa wa Nairobi walipigania majina yao na walikuwa na haki. Wale wanawake wa Majengo je, nani aliwapelekea makala wasome?

Sitaki kuwageuza walimu wetu kuwa wabaya. Ninaowafanyia kazi wamebanwa huku na huku. Bila makala hakuna kupandishwa cheo. Majarida yenye sifa yakifungua makala kwa wasomaji, mara nyingi humgeukia mwandishi na bili. Kampuni inayochapisha Nature ilitangaza mwaka 2020 kwamba kuweka makala wazi humo kungegharimu euro 9,500. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni moja. Wachapishaji wengi husamehe kabisa nchi za kipato cha chini, lakini Kenya tulipandishwa daraja mwaka 2014 tukawa wa kipato cha kati cha chini, na kwa daraja hilo mara nyingi unapewa punguzo tu. Nusu ya milioni bado ni mshahara wa miezi. Tulisherehekea kupanda cheo, kumbe bili nayo ilikuwa inasoma magazeti.

Katika pengo hilo ndimo matapeli wanamoingia. Jeffrey Beall, mkutubi wa Colorado, aliorodhesha majarida ya kitapeli kwa miaka kadhaa hadi alipoiondoa orodha yake mwaka 2017: majarida yanayokubali chochote, upesi, mradi umelipa. Barua zao huwa tamu. Mimi mwenyewe, niliyeishia mwaka wa tatu, nimeshaandikiwa "Mpendwa Profesa" na kualikwa kwenye bodi ya wahariri wa jarida la magonjwa ya meno.

Kuna njia ya katikati, na ni yetu. African Journals Online, ambayo wengi huiita AJOL, ilianza mwaka 1998 na imebeba mamia ya majarida ya bara hili, mengi yakisomeka bure. Nimewahi kumuuliza mwalimu mmoja kwa nini asipeleke kazi yake huko, wakati inahusu wavuvi wa Kilifi na wanaoihitaji wako hapa. Akanitazama kwa huruma. "Kijana, kamati ya kupandisha vyeo huuliza jarida ni la wapi kabla haijauliza limesema nini." Sikuwa na jibu.

Lakini nina ushahidi kwamba mlango hufunguka ukitakwa ufunguke. Januari 11, 2020, Edward Holmes akiwa Sydney aliweka kwenye tovuti ya wazi ramani ya jeni ya virusi vipya iliyotengenezwa na timu ya Zhang Yongzhen ya Shanghai. Walikubaliana kwa simu, Zhang akiwa ameshaketi ndani ya ndege. Hakuna aliyeombwa dola 39.95. Ndani ya siku chache maabara duniani zilikuwa zinatengeneza vipimo. Baada ya wiki kadhaa wachapishaji wakubwa wakafungua makala za korona kwa kila mtu, bure, na kampuni hazikuanguka. Kwa hiyo najua wanaweza. Wameshatuonyesha wanaweza. Ila ilibidi ugonjwa uwafikie na wao.

Mwaka 2022 watafiti walikutana Cape Town kuzungumzia uadilifu, na tamko lililotokana na mkutano huo linataka usawa katika ushirikiano wa utafiti kati ya nchi tajiri na maskini, tangu kupanga hadi kutaja majina. Ni hati nzuri. Haitamfikia rafiki yangu yenyewe. Yeye ndiye aliyelazimika kuifuata.

Mwezi uliopita aliitwa kwa usaili wa kazi nyingine ya data, mradi mwingine, tableti nyingine. Mwishoni wakamuuliza kama ana swali, lile swali ambalo wengi wetu hujibu "hapana, asanteni" ili tusionekane wasumbufu. Yeye alikuwa na mawili. Makala ikitoka, jina langu litakaa wapi? Na wale mama tutakaowahoji wataisomea wapi, kwa lugha gani?

Ananiambia chumba kilinyamaza. Kisha profesa mmoja, mama wa makamo, akafungua laptopu yake na kuandika kitu. Hajui aliandika nini. Kazi aliipata, na anaanza Jumatatu. Nimemwambia maswali yale mawili ayatume tena kwa barua pepe, ili yawe na tarehe.